Huyu Si Fisi

Kisilu, mchoraji wa mabango pale soko la Kikima, Mbooni, alijua kuchora mtu mmoja tu. Alifundishwa mtu huyo na fundi Mgoa kule Machakos, zamani za vita, na tangu siku hiyo hakuona sababu ya kujifunza wa pili. Alikuwa mtu wa mashavu ya kushiba, nywele zimepasuliwa njia upande wa kushoto, na tabasamu la mtu aliyetoka kupokea mshahara. Kwa kinyozi alikuwa ananyolewa. Kwa fundi cherehani alikuwa amevaa suti. Kwenye matangazo ya chai alikuwa ameshika kikombe. Kanisani, katika chumba cha watoto, alikuwa Musa amebeba zile amri kumi, na hata hapo, ambapo Biblia inasema wazi kwamba Musa alikasirika, alikuwa bado anatabasamu. Nthenya, mke wa Kisilu, alizoea kusema kwamba ameolewa na wanaume wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa rangi, na kwamba huyo wa rangi ndiye mwenye adabu zaidi asubuhi.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, mwaka wa sitini na saba, Kisilu alimshika mkewe mkono akampeleka mpaka kwenye ukuta wa hoteli ya Jabiri. Palikuwa na kichwa cha mtu kimechorwa hapo, kikubwa kuliko mlango. Kisilu akasema yule ni Mulei, mtoto wao. Nthenya alitazama mara moja tu.

“Huyu ni yule wa chai,” akasema.

Kisilu alimwomba atazame tena, naye akatazama tena. Mashavu yalikuwa yale yale na njia ya nywele ile ile, wakati Mulei maisha yake yote hakuwahi kuwa na nywele za kutosha kupasuliwa njia. Chini ya kidevu palikuwa na maandishi meusi. Nthenya hakujua kusoma, kwa hiyo aliyemsomea ni Kalunde, binti yao wa darasa la sita. Yalisema: HUYU SI FISI.

Nthenya alijua neno hilo limetoka wapi, na hakutegemea kulikuta sokoni.

Mulei alikuwa amekufa miezi sita iliyopita, huko chini uwandani, kwenye shamba la ng'ombe la mzungu ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Upesi kwa vile hilo ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Jioni moja ndama alipotea, Mulei akaingia vichakani kumtafuta, na Bwana Upesi, aliyekuwa anapita na gari, akaona kitu kinatikisika akapiga risasi. Kortini alisema alidhani ni fisi. Hakimu naye alikuwa mzungu. Uhuru ulikuwa umefika nchini miaka mitatu nyuma, lakini kwa korti ile ulikuwa bado uko njiani unauliza watu. Hakimu akasema ni bahati mbaya, akafunga faili. Mkalimani alipowageukia Kisilu na Nthenya kwenye benchi la nyuma na kuwaeleza kwamba bwana alidhani ni fisi, Nthenya alimwomba arudie, kwa sababu aliamini kabisa kwamba mkalimani ndiye aliyekosea.

Maiti hawakuiona. Ilizikwa kule kule shambani usiku ule ule, kwa ajili ya joto, waliambiwa, na huo ulikuwa mwezi wa saba, watu wamejifunika blanketi mchana. Picha hawakuwa nayo pia. Kipande chake cha kazi kilikuwa na alama za vidole tu, na vidole vya mtu huwezi kuvitundika ukutani ukavisalimia.

Kisilu alikuwa anangoja mkewe aseme kitu.

“Umeandika vizuri,” Nthenya akasema mwishowe. “Si fisi. Lakini hata Mulei si yeye.”

Alidhani mumewe atakasirika, maana Kisilu kwa kazi yake alikuwa na maringo ya jogoo. Badala yake aliketi juu ya mkebe wa rangi akashika kichwa. Alimwambia kwamba tangu Ijumaa amejaribu mara nne. Kila akifumba macho amwone Mulei, anayekuja ni yule wa Mgoa, na mashavu yake. Mtoto aliyemlea miaka ishirini na moja, sura yake imemtoroka. Alisema hayo kwa sauti ndogo, mbele ya Kalunde, na Nthenya alimwonea huruma mpaka akakosa la kumtania.

*

Huenda mambo yangeishia pale, isipokuwa wiki hiyo ilikuwa wiki ya mwethya. Chifu Ndolo alikuwa ameita watu wote wa Kikima watoke na majembe kumalizia josho la ng'ombe, ambalo lilikuwa lifunguliwe Jumamosi ya wiki iliyofuata. Katika Ukambani, mwethya ukiitwa hakuna anayebaki nyumbani ila mgonjwa na aliyejifungua juzi. Tena watu huipenda kazi hiyo, kwa kuwa mikono inafanya kazi yake na mdomo unafanya yake. Sasa njia ya kwenda joshoni ilipita mbele ya hoteli ya Jabiri.

Wa kwanza kusimama alikuwa Muthoki, jirani yao, mwanamke ambaye hakuwahi kupita kitu bila kukitolea maoni. Alitua karai, akasoma maandishi, akakaza kanga kwa heshima. Halafu akasema yale masikio ni madogo. Mulei, alisema, alikuwa na masikio ya kusikia mbali, na yeye ndiye anayejua, kwa sababu aliyavuta mara nyingi. Kisilu akapanda ngazi akaongeza masikio.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Mtu mmoja akishasikilizwa, kila mtu anakuwa mjuzi. Kufikia saa nne kulikuwa na majembe kumi na saba yameegemezwa ukutani, na wenyewe wamesimama barabarani wakimwelekeza Kisilu kama watu wanaomwelekeza dereva anayerudi kinyumenyume. Paji la uso lipande. Nywele zifupishwe, na hiyo njia iondoke kabisa, huyu hakuwa karani. Mmoja alisema Mulei alikuwa na ndevu, akakemewa na wengine wote mpaka akakumbuka kwamba anamfikiria binamu yake. Wawili walibishana kuhusu kovu la juu ya jicho, kama lilikuwa la kulia au la kushoto, na wangefika mbali kama si mzee Ndululu, mwenye shamba la miwa bondeni. Mzee huyo alikohoa akakiri mbele ya halaiki kwamba jiwe lililofanya kovu lile alilirusha yeye, mwaka wa mafuriko, alipomkuta mtoto ndani ya miwa yake. Lilikuwa la kushoto. Alisema hayo akitazama chini, akaomba radhi kwa ukuta.

Nthenya alikuwa amerudi nyumbani, akaapa hatashiriki. Alitwanga mahindi kidogo, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Lakini Kalunde alikuwa anakuja kila baada ya muda kumpa habari, na habari ya tatu ilikuwa kwamba wanamchora Mulei pua ya upande wa baba yake. Nthenya akatupa mchi. Pua ya Mulei ilikuwa ya kwao, ya watu wa Nthenya wa Kathonzweni, na hapakuwa na mwanamume wa Mbooni wa kuja kumnyang'anya sasa. Alipofika ukutani watu walimpisha, naye akasimama mbele, mikono kiunoni, na tangu saa hiyo Kisilu akawa kibarua tu.

“Shusha hapo,” alimwambia. “Zaidi. Sasa umepitisha. Kisilu, hii ni pua, si paa.”

Watu walicheka, na katikati ya kicheko Muthoki akasema, “Mama Mulei, acha mzee apumue.” Kisha akajishika mdomo. Tangu msiba, watu walikuwa wameacha kumwita hivyo. Walimwita Mama Kalunde, kwa upole, wasimguse kidonda, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Nthenya alijifanya hakusikia. Lakini alisikia, na jina hilo likamfanyia mema mwilini kama uji.

*

Jabiri alirudi Jumatano. Alikuwa amekwenda Kitui kwa jamaa zake kula Idi, na ukuta aliuacha na maagizo mafupi: birika, kikombe, sahani ya mandazi. Sasa alishuka na mkoba wake akakuta nusu ya soko imesimama mbele ya biashara yake bila kununua kitu, na kichwa cha mtu kinamtazama kutoka pale palipopaswa kuwa na birika.

Hakupiga kelele. Jabiri alikuwa mtu wa pwani kwa asili, na alikasirika kwa lugha nzuri. Alimkumbusha mzee Kisilu kwamba walikubaliana vyombo, si viumbe. Alisema dini yake haimruhusu sura ya mtu ukutani. Kwa jinsi walivyofundishwa, siku ya kiyama mwenye kuchora kiumbe ataambiwa akitie roho kile alichokichora, naye hataweza. Alipofika hapo ndipo alipomwona Nthenya amesimama chini ya ngazi, na akatambua ile sura ni ya nani. Mulei alikuwa akimletea kuni alipokuwa kijana.

“Ataambiwa aitie roho?” Nthenya akauliza.

“Ndivyo tulivyofundishwa, mama.”

Nthenya akainua uso. “Umesikia, Kisilu? Basi hiyo pua ifanye vizuri.”

Hakuna aliyecheka. Jabiri alichukua mkoba wake, akaingia ndani. Baadaye mtumishi wake alitoka na birika kubwa la chai na vikombe vya bati kwa watu wote, na habari ya ukuta Jabiri hakuigusa tena siku hiyo.

Kilichobaki kilikuwa mdomo, na hapo ndipo mkono wa Kisilu ulipokwama. Alijua kuchora tabasamu la Mgoa, meno sita juu, yote sawasawa. Alichora mdomo uliofungwa, ukawa wa mtu mwenye jino linalouma. Alichora ulio nusu, watu wakasema huyo ni chifu. Nthenya mwenyewe hakuweza kumsaidia. Alikumbuka mdomo wa Mulei ukila na ukibisha, lakini ukikaa tu, mwenyewe, haukumjia.

Siku ya Alhamisi msichana mmoja alisema kitu nyuma ya watu, kwa sauti ambayo haikufika mbele, na wakamwambia arudie. Alikuwa Mbula, binti anayeshona vifungo kwa fundi cherehani. Alisema jino la juu, la pili kutoka katikati, lilikuwa limekatika kipande. Ndiyo sababu Mulei alicheka huku amefunga mdomo, na midomo inavutika upande mmoja hivi. Kila alipokuja likizo hakulionyesha lile jino, isipokuwa amesahau.

Watu wote wakageuka. Miaka ishirini na moja Nthenya hakujua habari za jino hilo. Lazima lilikatika kule shambani, mwaka wa mwisho. Alimtazama msichana kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka vidole vya miguu, bila haraka, kama mtu anayepima kitambaa.

“Na wewe umemfanya asahau mara ngapi?”

Mbula aliangalia chini. “Mara nyingi, mwaitu,” akasema, akimwita mama.

Nthenya akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mwezi wa saba, kilimtoka vibaya, nusu kikohozi, na kila mtu akacheka naye kwa kuona kimeruhusiwa. Akamvuta Mbula mkono, akamsimamisha mbele kando yake. Kisilu akafuta mdomo kwa tambara lenye tapentaini, akaanza tena, msichana akimwambia pole pole wapi pavutike. Magharibi ilipoingia, Kisilu alishuka. Watu walitazama, kisha mmoja mmoja wakachukua majembe yao. Hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Yule wa chai alikuwa ameondoka, na aliyekuwa pale juu alikuwa Mulei wao, ameinamisha kichwa kidogo, anazuia kicheko.

*

Chifu Ndolo alikuja Ijumaa kutafuta mwethya wake. Josho lilikuwa limesimama siku nne, mchanga upo, saruji ipo, watu hawapo. Alifika kwa baiskeli, kofia ya kazi kichwani, na kikundi kilichokuwa kinamsalimia Mulei kikatawanyika.

Ndolo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa wa watu waliowekwa katikati, wa kutaka kila upande ulale usingizi. Alisoma maandishi mara mbili, akavua kofia, akaivaa. Kisha akawaeleza Kisilu, Nthenya na Jabiri jambo ambalo hakuwa amelitangaza barazani: mgeni wa heshima wa kufungua josho ni Bwana Upesi. Ndiye aliyetoa saruji. Wengine walisema baadaye kwamba aliitoa kwa sababu moyo ulimsuta, wengine kwamba hakutaka kupe wa Mbooni washuke uwandani kwa ng'ombe wake, na inawezekana wote walisema kweli. Vyovyote iwavyo, gari lake litasimama hapa hapa, kwa sababu ile barabara nyingine haina daraja.

“Mimi pia nina roho, Mama Kalunde,” chifu alisema. “Lakini josho ni la ng'ombe wote.”

Alitoa njia mbili. Ya kwanza, ukuta wote upakwe chokaa, na chokaa ataleta yeye mwenyewe. Ya pili, maneno yafutwe, na huyu mtu apewe kikombe mkononi, liwe tangazo la chai kama lilivyokusudiwa, asiwepo mtu wa kuuliza maswali. Kama hakuna kati ya hayo, basi leseni ya hoteli inakwisha mwezi huu, na karatasi za leseni hupita mezani kwake. Jabiri aliangalia viatu vyake. Alikuwa na watoto sita, na hakuna aliyemlaumu. Kisilu akasema atachora kikombe.

Nthenya alingoja mpaka walipofika nyumbani. Kule alisema mengi. Alimuuliza kama amezaa mtoto au mtumishi wa hoteli. Alimuuliza kama Mulei, baada ya kumfungulia yule mtu geti miaka miwili, sasa anatakiwa amkaribishe chai. Kisilu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake.

“Nisipompa kikombe watampaka chokaa,” akasema. “Na mimi uso huu siwezi kuuchora tena, Nthenya. Ninyi nyote mlinishika mkono. Ukienda, umekwenda.”

Nthenya alijua ni kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli alikasirika zaidi. Siku mbili alimpakulia ugali bila kumpa salamu. Ukutani Kisilu alifuta yale maneno matatu kwa rangi nyeupe. Akachora mkono, na ndani ya mkono kikombe, na juu ya kikombe mvuke. Vikombe alikuwa amevichora miaka ishirini, mkono wake haukuhitaji kufikiri, na kikatoka kizuri sana. Watu waliokuwa wanapita walikisifu, hata waliotoka Kathonzweni na ng'ombe wa kuuza. Kisilu alipokea sifa hizo kwa kutikisa kichwa, na hakuweza kuwatazama machoni.

*

Jumamosi ilifika na jua kali. Soko lilikuwa limejaa, watoto wa shule wamepangwa mistari miwili kwa kuimba, na chifu amepiga viatu rangi mpaka vinaonekana kutoka mbali. Nthenya alisimama karibu na mlango wa hoteli pamoja na Muthoki na Mbula. Kisilu alikuwa juu ya ngazi, anajifanya kurekebisha mvuke. Tangu Ijumaa ile Nthenya alikuwa anaogopa jambo moja: kwamba yule mtu ataona sura, atakasirika, na chokaa itakuja hata hivyo. Usiku aliota ndoo.

Gari lilipanda likasimama. Bwana Upesi akashuka. Alikuwa mzee kuliko Nthenya alivyomkumbuka kortini, mwembamba, shingo nyekundu, na alimsalimu chifu kwa mkono na watoto kwa kofia. Aligeuka akauona ukuta, akasimama kabisa.

“Aa,” akasema. “Hii mzuri. Mzuri sana. Nani nachora?”

Chifu, jasho likimtoka, akaonyesha ngazi. Bwana Upesi akamwambia Kisilu kwamba ana kazi kwake. Ana fahali wa mbegu aliyeshinda maonyesho, na anataka achorwe hivi hivi, mkubwa, juu ya ukuta wa zizi. Akasogea karibu, akainamisha kichwa kutazama vizuri, na alikuwa anatabasamu.

“Na huyu? Huyu mtu ya hapa?”

“Ni tangazo la chai, sir,” chifu akasema haraka.

Ndipo Nthenya alipoelewa. Hakuwa amefikiria hilo hata kidogo, katika usiku wote aliokosa usingizi. Alidhani atakasirika, au ataona haya, au atajifanya haoni. Muthoki aliyajua masikio. Ndululu alilijua kovu. Watu waliokuja sokoni mara moja kwa mwezi walimtambua kutoka ng'ambo ya barabara. Na huyu, aliyemwona kila asubuhi miaka miwili na akawa mtu wa mwisho kumwona, alikuwa anasifu mvuke.

Alitoka mlangoni. Mbula alijaribu kumshika kanga, ikamtoka mkononi.

“Ni Mulei,” alisema.

Bwana Upesi akamgeukia kwa adabu. “Nani?”

“Mulei wa Kisilu. Alikuwa kwako. Alikufungulia geti miaka miwili.”

Tabasamu lilikaa usoni mwake muda, kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Kisha likaondoka kidogo kidogo. Alimtazama chifu, na chifu alikuwa anatazama viatu vyake vilivyong'aa. Akarudi nyuma hatua moja kuelekea gari, dereva akafungua mlango.

“Ngoja, Bwana,” Nthenya alisema. Hakupaza sauti, na hakuhitaji, kwa sababu soko zima lilikuwa kimya na hata watoto wa shule walikuwa wameacha kusukumana. “Mtazame vizuri. Leo hakuna haraka.”

Akatazama. Haijulikani alitazama muda gani; ukiuliza Kikima utapewa majibu mengi, na Muthoki husema ungeweza kukamua ng'ombe ukamaliza. Alitazama masikio, akatazama kovu, akatazama mdomo uliovutika upande mmoja. Shingo ilipanda wekundu mpaka usoni. Kofia alikuwa ameivua, lakini alikuwa anaizungusha mikononi kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka.

“Mimi nadhani,” akaanza, “mimi nadhani…”

Akanyamaza. Lilikuwa neno lile lile la kortini, na hata yeye alilisikia. Hakuna aliyemsaidia kumaliza. Alisimama na mdomo wazi mbele ya watu mia tatu, halafu akaingia garini, na gari halikwenda joshoni. Liligeuka likashuka lilikotoka.

Chifu Ndolo alibaki na mkasi wa kukatia utepe. Aliwaza kidogo, akavaa kofia, akawaambia walimu wawapeleke watoto joshoni, atafungua yeye. Alipompita Nthenya alisimama kana kwamba anataka kutoa amri. “Pole, Mama Mulei,” akasema, na akaenda zake. Habari ya chokaa hakuitaja.

Watu walianza kumzunguka Nthenya, kumsifu. Muthoki alikuwa ameshaanza kuisimulia habari kwa waliochelewa. Kila mtu aliona kwamba Nthenya ameshinda, na yeye mwenyewe aliona, na ilikuwa kama kushinda mzigo ambao sasa ni lazima ubebwe nyumbani peke yako. Alimgeukia Mulei pale juu ukutani. Alitaka kumwambia kwamba ameonekana. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Akaketi chini ya ukuta, akalia kwa sauti, bila kujifunika uso, kama wanavyolia wanawake wanaporudi kutoka makaburini. Mbula akaketi upande mmoja. Kisilu alishuka ngazi na brashi bado mkononi, akaketi upande wa pili, kwenye vumbi, na suruali yake ya sherehe. Wakamlilia mtoto wao pale barabarani, mchana kweupe, kwa maana tangu mwezi wa saba walikuwa wamekosa mahali pa kumlilia.